Herufi zilezile, mkazo umehama

Andika neno barabara kwenye kipande cha karatasi, peke yake, bila sentensi, kisha umpe mtu alisome. Akiweka mkazo kwenye silabi ya tatu, amekutajia njia ya magari. Akiuweka kwenye silabi ya pili, amekuambia mambo yako sawasawa. Herufi ni nane, hakuna iliyoongezwa wala iliyofutwa. Neno walakini nalo lina tabia hiyohiyo: mmoja atasikia "lakini", mwingine atasikia dosari. Mhariri anayetafuta makosa ya tahajia anaweza kuyapitia maneno hayo mara mia asione kitu, maana kosa, kama lipo, halimo kwenye tahajia.

Mfano huo hunijia kila ninaposoma habari za "jeni ya saratani" iliyogunduliwa. Kwa miaka mingi tumesimuliwa saratani kama hadithi ya makosa ya tahajia: herufi ya DNA imebadilika, protini imeharibika, seli imeasi. Hadithi hiyo si ya uongo. Lakini ingia nayo kwenye saratani za damu, hasa lukemia kali ya mieloidi, utakuta inakuachia nusu ya mambo bila maelezo. Huko jeni nyingi zinazoleta balaa ni nzima kabisa. Zinasomwa wakati zilipaswa kunyamaza, au zimefungwa wakati zilitakiwa kusema. Na pale penye kosa la tahajia kweli, mara nyingi limeangukia jeni ambayo kazi yake ni kupanga usomaji wa jeni nyingine.

Elimu ya mpangilio huo inaitwa epijenetiki. Nina ugomvi kidogo na neno hili, au tuseme na jinsi linavyotumiwa, na msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani. Epijenetiki imewaokoa wagonjwa wa saratani ya damu pale ilipoweza kumtaja mkosaji kwa jina na kuonyesha alipoketi. Pale ilipobaki ahadi ya jumla kwamba alama za jeni "zinaweza kufutwa", imetoa miezi kadhaa ya uhai, ambayo si haba, ila wachache sana ndio waliopona. Na nje ya hospitali imetoa wachuuzi.

Twende kwenye uboho. Ndani ya mifupa ya mtu mzima huzaliwa takribani seli nyekundu bilioni 200 kila siku, mbali na seli nyeupe na vichembe vya kugandisha damu. Zote asili yake ni seli shina chache. Na seli yoyote ambayo haijakitupa kiini chake hubeba maandishi yaleyale: jeni kama 20,000 za kutengeneza protini, kwenye uzi wa DNA wenye urefu wa karibu mita mbili, uliokunjwa ukaenea ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Neutrofili, ile seli nyeupe inayokimbilia kidondani kumeza bakteria, inayo jeni ya insulini kama inavyokuwa nayo seli ya kongosho. Haina habari nayo tu.

Kinachoamua jeni ipi isomwe ni mengi, ila mawili yanatutosha. La kwanza ni vidude vidogo vya kemikali viitwavyo methili, vinavyobandikwa kwenye herufi C ya DNA, hasa pale inapofuatwa na G. Methili zikirundikana mwanzoni mwa jeni, kwa kawaida jeni hiyo hunyamaza. La pili ni namna uzi wenyewe ulivyoviringishwa. DNA hujizungusha kwenye vibunda vya protini ziitwazo histoni, herufi kama 147 kwa kila kibunda. Histoni zikibandikwa asetili, uzi hulegea na jeni husomeka. Asetili zikibanduliwa, uzi hukaza. Wapo wabandikaji, wapo wabanduaji, na zipo protini ambazo huzisoma alama hizo na kuitana. Seli inapogawanyika, methili nazo hunakiliwa: kimeng'enya kiitwacho DNMT1 hupita nyuma ya uzi mpya na kubandika pale palipokuwa pamebandikwa kwenye uzi wa zamani. Ndiyo maana seli ya ini huzaa seli ya ini, miaka nenda miaka rudi, bila kuulizwa upya.

Sasa chukua tone la uboho, lipake kwenye kioo, litie rangi, liweke chini ya hadubini. Uboho wenye afya una watu wa rika zote: seli changa zenye kiini cha mviringo, za makamo zenye kiini kilichobonyea kama figo, na neutrofili zilizokomaa, ambazo kiini chake kimegawanyika vipande vitatu au vinne vilivyoshikwa na nyuzi nyembamba. Kwa mgonjwa wa lukemia kali ya mieloidi, rika moja limejaza kioo. Seli changa tupu: kubwa, kiini kimekula karibu nafasi yote, DNA yake imetawanyika laini badala ya kushikamana mabonge, na ndani mna vidoa viwili vitatu vilivyopauka. Katika baadhi yake utaona vijisindano vyekundu vyembamba, ndivyo vijiti vya Auer, ambavyo mpimaji wa maabara akiviona hutikisa kichwa. Kwa kawaida seli changa zikifika asilimia 20 ya uboho au damu, ugonjwa umepata jina.

Watu hudhani seli hizi zinagawanyika kwa kasi ya ajabu. Si lazima iwe hivyo. Shida yao kubwa ni kwamba zimekwama utotoni. Neutrofili iliyokomaa haizai tena, na baada ya siku chache hufa na kuondolewa. Seli isiyokomaa huendelea kuzaa nyingine kama yenyewe, zikajaza uboho, nafasi ya kutengeneza damu ya kawaida ikaisha. Mgonjwa anaishiwa damu, anapata maambukizi yasiyoisha, anatoka damu kwenye fizi. Kukomaa ni suala la jeni zipi zifunguliwe na zipi zifungwe, na kwa mpangilio gani. Kwa hiyo hata kabla ya kuisoma DNA, kioo chenyewe kimeshatuelekeza pa kutafuta.

Mwaka 2008 timu ya Timothy Ley katika Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, ilisoma jenomu nzima, yaani DNA yote, ya seli za lukemia za mwanamke mmoja na kuilinganisha na ya ngozi yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa jenomu nzima ya saratani kusomwa namna hiyo. Walikuta jeni kumi tu zilizobadilika, na nyingi hazikuwaambia lolote. Waliporudia kusoma kwa kina zaidi, wakakuta kitu kilichowapita mara ya kwanza: kosa kwenye DNMT3A, jeni ya kimeng'enya kinachobandika methili mpya. Wakapekua wagonjwa wengine. Kati ya 281, 62 walikuwa na kosa kwenye jeni hiyohiyo, yaani asilimia 22. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010, mwaka mmoja baada ya Wafaransa kuonyesha makosa kwenye TET2, ambayo kazi yake ni kuziondoa methili.

Mbandikaji ameharibika, mbanduaji ameharibika, na kote matokeo ni saratani ileile. Ukiambiwa hivyo mara ya kwanza unahisi kuna mtu amekosea hesabu. Lakini fikiria tena mkazo: unaweza kuliharibu neno kwa kuuondoa mahali pake na unaweza kuliharibu kwa kuupachika pasipo pake. Mwaka 2013 uchunguzi mkubwa wa wagonjwa watu wazima 200 ulikuta wastani wa mabadiliko 13 tu ya jeni kwa kila mgonjwa, machache mno ukilinganisha na saratani nyingi za mapafu au za ngozi. Asilimia 44 ya wagonjwa walikuwa na kosa kwenye jeni zinazohusika na methili. Saratani yenye makosa machache, na machache hayo yameangukia wapangaji wa usomaji. Sioni namna ya kulisoma hilo kama bahati mbaya.

Kisa ninachokipenda katika haya yote ni cha IDH, maana kinakwenda kama upelelezi. Mwaka 2009 timu hiyohiyo ya St. Louis ilikuta kosa kwenye IDH1, jeni ya kimeng'enya cha kawaida kabisa kinachoshughulika na sukari na nguvu za seli. Kimeng'enya cha jikoni, kwa lugha ya mitaani, kimefuata nini kwenye lukemia? Mwaka huohuo ikajulikana kuwa kimeng'enya kilichoharibika hakikuacha kazi, kilianza kazi mpya: kinatengeneza kemikali iitwayo hidroksiglutarati, na seli hujaa kemikali hiyo. Bado haikueleweka. Ufunguo ulipatikana mwaka 2010 kwenye orodha za wagonjwa. Waliokuwa na kosa la IDH karibu hawakuwahi kuwa na kosa la TET2, na wenye TET2 hawakuwa na IDH. Wezi wawili wasiokutana kamwe nyumba moja huenda wanaiba kitu kimoja: aliyetangulia akishakichukua, wa pili hana la kufuata. Na ndivyo ilivyokuwa. Ili ibandue methili, TET2 inahitaji kemikali fulani ya kawaida ya seli, na hidroksiglutarati inafanana nayo kiasi cha kuikalia nafasi. TET2 ni nzima, lakini imezibwa mdomo. Methili zinarundikana, seli haikomai.

Angalia kilichofuata. Kwa kuwa mkosaji alikuwa na jina na umbo, dawa ya kumziba yeye peke yake iliwezekana. Enasidenibu, ya IDH2, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Ivosidenibu, ya IDH1, mwaka 2018. Ni vidonge. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wa lukemia hii ana kosa kwenye mojawapo ya jeni hizo mbili. Kwa wale dawa inaowafaa, seli zilizokwama huanza kukomaa. Kwa hiyo mwenye mgonjwa akiniuliza aanzie wapi, simpeleki kwenye nadharia. Namwambia amuulize daktari kama sampuli ya uboho imepimwa jeni, na kama IDH ilikuwa miongoni mwake.

Nipite haraka kwenye jambo linalowatisha watu bila sababu kubwa. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba kwa watu waliovuka miaka 70, kama mmoja kati ya kumi ana sehemu ya damu iliyotokana na seli shina moja yenye kosa, na jeni zinazoongoza ni zilezile: DNMT3A, TET2, ASXL1. Watu hao si wagonjwa. Wanaoishia kupata saratani ya damu ni kama asilimia 0.5 hadi 1 kwa mwaka. Hatari ya moyo na mishipa nayo inaongezeka. Anayekimbilia kupima damu yake ili ajue kama anazo alama hizo atajipatia wasiwasi, na hakuna tiba iliyothibitishwa ya kumpa.

Ushahidi mkubwa wa hoja yangu umo kwenye aina moja ya lukemia hii, ile ya promielositi. Leif Hillestad wa Norway alipoieleza mwaka 1957 ilikuwa tishio kuliko zote. Mgonjwa alitokwa damu puani, chini ya ngozi, mwisho kwenye ubongo, na mambo yote yalikwisha ndani ya wiki chache. Leo ndiyo inayopona vizuri kuliko zote za kundi lake, na haikufikishwa hapo kwa kuongeza ukali wa kemo, yaani dawa za kuua seli.

Mwaka 1985 mjini Shanghai, daktari Wang Zhenyi alimpa mtoto wa kike wa miaka mitano, ambaye kemo ilikuwa imemshinda, asidi ya retinoiki, jamaa wa karibu wa vitamini A. Mtoto akapona. Ripoti ya mwaka 1988 ilihusu wagonjwa 24, na wote walifikia nafuu kamili, mmoja tu akihitaji kuongezewa dawa nyingine. Uboho wao haukukaushwa kwanza ndipo uote upya, kama inavyokuwa kwa kemo.

Sababu ilikuja kujulikana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kromosomu ya 15 na ya 17 zimekatika zikabadilishana vipande, na kwenye kiungio jeni mbili zimeshonwa pamoja, PML na RARA. RARA ya kawaida hukaa juu ya jeni za kukomaza seli ikingoja asidi ya retinoiki. Hii iliyoshonwa hukaa palepale, lakini imekumbatia kundi la protini zinazobandua asetili na kukaza uzi, na asidi kidogo iliyomo mwilini haitoshi kulifukuza kundi hilo. Mpe mgonjwa dozi kubwa: kundi linaachia, uzi unalegea, jeni zinasomeka, seli inakua.

Turudi kwenye hadubini baada ya wiki kadhaa. Katika damu ya wagonjwa hawa zimeonekana neutrofili zilizokomaa, kiini kimegawanyika vipande kama inavyotakiwa, na bado ndani yake mna vijiti vya Auer. Zikipimwa kromosomu, 15 na 17 zingali zimebadilishana. Hapa hakuna seli ya saratani iliyouawa ikaipisha yenye afya. Ni yeye yuleyule, amekua, na makovu ya utoto wake bado anayo. Katika tiba nzima ya saratani sijakutana na picha inayonigusa kuliko hiyo.

Kukua huko kuna bei yake. Seli nyingi zikikomaa kwa pamoja, mgonjwa anaweza kupata homa, kuvimba, mapafu yakajaa maji na pumzi ikakata. Asipopewa mapema deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, anaweza kufa kwa dawa iliyokuwa inamponya. Hali hiyo huonekana pia kwa dawa za IDH. Anayezisifu tiba hizi kuwa ni za upole angepaswa kuitaja kabla ya sifa.

Tena kuna wanaoisimulia hadithi hii kwa utamu mno, na hapo sikubaliani nao. Asidi ya retinoiki peke yake haikuwatosha wengi; miezi ikipita ugonjwa ulirudi. Mkombozi wa pili alitoka Harbin, kaskazini mwa China, ambako Zhang Tingdong na wenzake walikuwa wakitumia arseniki, sumu inayojulikana tangu kale, kuanzia miaka ya 1970. Mwaka 2013 jaribio lililoongozwa na Francesco Lo-Coco lilionyesha kuwa kwa wagonjwa ambao ugonjwa wao haukuwa wa hatari ya juu, asidi ya retinoiki pamoja na arseniki, bila kemo, iliwafikisha asilimia 97 kwenye miaka miwili bila ugonjwa kurudi wala janga lingine, dhidi ya asilimia 86 kwa asidi pamoja na kemo. Arseniki hufanyaje? Hushika upande wa PML wa ile protini iliyoshonwa na kuipeleka ikavunjwe. Hugues de Thé na wenzake mjini Paris wameonyesha kwa panya kwamba seli zinaweza kukomaa na ugonjwa usiishe. Kinachoponya ni kuvunjwa kwa protini yenyewe. Kwa maneno mengine, haitoshi kurudisha mkazo mahali pake. Yule anayeusogeza kila siku lazima aondoke.

Linganisha na azasitidini, dawa ya kufuta methili. Ilitengenezwa Prague, ikatangazwa mwaka 1964 na Alois Pískala na František Šorm, na kwa muda mrefu ilihesabiwa kama kemo nyingine tu. Mwaka 1977 Constantinides, Jones na Gevers, wakiwa Afrika Kusini, waliripoti kitu cha kushangaza: seli za kiinitete cha panya zilizopewa dawa hiyo ziligeuka misuli inayojikunja ndani ya sahani ya maabara. Mwaka 1980 Peter Jones na Shirley Taylor wakaeleza kwa nini. Dawa hujifanya herufi C na kuingia kwenye DNA mpya. DNMT1 inapokuja kubandika methili inanasa, inaharibiwa, na vizazi vya seli vinavyofuata vinapoteza methili.

Ni sayansi nzuri kweli. Lakini dawa hii haichagui. Inafuta methili kwenye jeni iliyofungwa kwa ubaya na kwenye iliyofungwa kwa wema, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu kipi hasa kinamsaidia mgonjwa: jeni za kukomaa kufunguka, DNA kuharibika, au vipande vya virusi vya kale vilivyolala kwenye jenomu kuamka na kuishtua kinga. Marekani iliidhinisha dawa hii mwaka 2004 kwa matatizo ya uboho yanayotangulia lukemia. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2009, nusu ya waliopewa waliishi zaidi ya miezi 24.5, dhidi ya 15 kwa waliopata huduma za kawaida. Mwaka 2020, kwa wagonjwa wa lukemia wasioweza kuhimili kemo kali, azasitidini pamoja na venetoklaksi ilifikisha miezi 14.7 dhidi ya 9.6 kwa azasitidini peke yake. Venetoklaksi, kumbuka, haigusi alama za jeni hata kidogo. Inaisukuma seli ijiue.

Kwa mzee aliyekuwa akiambiwa arudi nyumbani, miezi hiyo ni mingi, na simbezi anayeipigania. Ninachotaka kionekane ni jinsi inavyopatikana. Sindano siku saba katika kila siku 28. Mwezi wa kwanza hesabu za damu huwa zinashuka kabla ya kupanda, na familia inaona mgonjwa amezidiwa. Mwezi wa pili bado. Mara nyingi jibu linahitaji duru nne hadi sita, na wapo wanaoacha duru ya pili kwa kudhani dawa imeshindwa. Alama hufutika taratibu, kadiri seli zinavyogawanyika. Hakuna njia ya mkato. Daktari asiyelieleza hili siku ya kwanza amempokonya mgonjwa nusu ya dawa.

Kukawa na wazo lililoonekana la busara: kama kufuta methili kunasaidia, tuongeze na dawa ya kuzilinda asetili, vyote viwili vifungue uzi. Kwenye maabara ilipendeza. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2017 likaongeza vorinostati juu ya azasitidini, na wagonjwa hawakufaidika zaidi; walichozidishiwa ni madhara. Ukishika kufuli zote za mji ukazifungua kwa pamoja, usitegemee kuwa mlango uliokuwa na haja nao ndio utakaoleta faida.

Na sasa wachuuzi. Kwa kuwa alama za epijenetiki zinaweza kubadilika, na kwa kuwa chakula, moshi wa sigara na umri huzigusa kweli, kumezuka watu wanaouza virutubisho na semina za "kuzima jeni za saratani". Wana kipande cha ukweli mkononi, na ndicho kinachowafanya wawe hatari. Chukua vitamini C. Mwaka 2017 tafiti za panya zilionyesha kuwa inaisaidia TET2 kufanya kazi, na kwamba upungufu wake uliipa lukemia nafasi. Utafiti halali, swali halali. Kutoka hapo hadi kumwambia mgonjwa aache sindano anywe vidonge ni mruko ambao hakuna jaribio la binadamu lililoujengea daraja. Anayekuambia anaweza kubadilisha epijenetiki yako, muulize ya seli ipi, kwenye jeni ipi, na amepimaje. Akijibu kwa neno "mwili mzima", umeshapata jibu.

Turudi kwenye jeni zenyewe. Jirani mbaya naye anaweza kuivuruga jeni isiyo na kosa. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji nchini Uganda, alieleza uvimbe wa taya za watoto unaobeba jina lake hadi leo. Mwaka 1982 ikajulikana kuwa katika uvimbe huo, ambao ni limfoma, yaani saratani ya seli nyeupe za kinga, jeni ya MYC, inayoihimiza seli igawanyike, imehamishwa kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14, ikawekwa karibu na swichi ya jeni za kingamwili. Seli za B huiwasha swichi hiyo usiku na mchana kwa sababu kingamwili ndiyo kazi yao. MYC imehamia kwenye nyumba isiyozima taa.

KMT2A nayo ina kisa cha namna hiyo, na ndicho kinachonipa matumaini siku hizi. Jeni hii, kwenye kromosomu ya 11, ni ya protini inayoweka alama kwenye histoni ili jeni za ukuaji wa mapema zisomwe. Ikikatika na kushonwa na jeni nyingine, inaendelea kuziwasha jeni za utoto wa seli wakati wake ukiwa umepita. Lukemia nyingi za watoto wasiofikisha mwaka mmoja ni za aina hii, na makosa mengine ya DNA katika seli zao ni machache kupindukia. Karibu ugonjwa mzima umesimama juu ya kosa moja la upangaji. Kwanza walijaribu kumziba DOT1L, mbandikaji anayeitwa na protini hiyo, na mafanikio kwa wagonjwa yakawa haba. Kisha wakamgeukia menini, protini ambayo KMT2A huishikilia ili ikae juu ya DNA. Menini ina kishimo. Dawa iitwayo revumenibu inaingia kwenye kishimo hicho na KMT2A inakosa pa kushika.

Marekani iliiidhinisha Novemba 2024, kwa watu wazima na watoto kuanzia mwaka mmoja ambao ugonjwa wao umerudi au umekataa tiba. Kama mgonjwa mmoja kati ya watano alifikia nafuu kamili au iliyokaribia, na hawa ni watu ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa. Kwa baadhi yao ugonjwa ulirudi tena. Watafiti walipozisoma seli zilizorudi, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2023, walikuta herufi zimebadilika ndani ya jeni ya menini, kwenye kuta za kishimo hasa, pale dawa inapokaa: dawa haishiki tena, KMT2A bado inashika. Seli ilikuwa na jeni elfu ishirini za kuchagua, ikaenda kubadilisha hiyo.